Nozeli za bomba la dawa: nilizozitumia, nilizoachana nazo na ninazozirudia kila msimu

Naanza na ile nozeli ya kuzungusha, ile inayokuja imefungwa kwenye bomba la mgongoni toka dukani, ukiikaza inatoa ukungu, ukiilegeza inatoa mkondo mmoja kama mpira wa kumwagilia. Karibu kila mkulima anaanza na hiyo na wengi hawaibadilishi maisha yao yote. Mimi naipa nyota 1 kati ya 5, na hiyo 1 ni kwa sababu kuna siku unataka kufika kwenye tawi la juu la mti na hapo inasaidia. Kwa shamba la mazao hapana, na sababu yangu kubwa sio ubora wa plastiki wala nini, ni kwamba huwezi kupima. Leo umeizungusha hapa, kesho mkono umegusa imesogea kidogo, keshokutwa kijana wa kazi kailegeza ili amalize haraka, kila siku inatoa kiasi tofauti. Sasa lebo ya dawa inakwambia weka kiasi fulani kwa hekta, wewe utajuaje umeweka kiasi gani kama hujui bomba lako linatoa lita ngapi kwa dakika? Unabaki kukisia tu, mara dawa imezidi majani yanaungua, mara imepungua wadudu wanabaki na wale wanaobaki ndo wanaanza kuzoea dawa.

Watu tunabishana sana kuhusu dawa, hii kali ile feki, ila kitu kinachoamua hiyo dawa inafika wapi ni kale kadude kadogo mwisho wa fimbo. Nimebadilisha nozeli nikabaki na dawa ileile na shamba likabadilika. Ndo maana nimeona nizieleze moja moja nilivyoziona.

Kabla sijaendelea, rangi. Nozeli nyingi za kiwandani zinafuata rangi za ISO, yaani viwango vya kimataifa, na hizo rangi sio urembo, zinakwambia ukubwa wa tundu. Chungwa ni 01, kijani 015, njano 02, zambarau 025, buluu 03, nyekundu 04, kahawia 05, kijivu 06, nyeupe 08. Ukiona imeandikwa 110-02 maana yake inafungua pembe ya digrii 110 na inatoa galoni 0.2 ya Kimarekani kwa dakika kwenye presha ya psi 40. Kwa sisi wa lita kumbuka hivi, kwenye presha ya bar 3 ile 01 inatoa kama lita 0.4 kwa dakika, 015 lita 0.6, 02 lita 0.8, 03 lita 1.2, 04 lita 1.6. Ukishajua hizo namba unaanza kununua kwa akili, huendi kuomba tu "nipe nozeli". Angalizo moja, zile nozeli za kumwaga za bomba la mgongoni (naziongelea chini) baadhi ya viwanda vina rangi zao wenyewe, njano yake sio njano ya ISO, kwahiyo soma maandishi usiangalie rangi peke yake.

Haya, nozeli ya feni bapa, ile yenye mwanya mwembamba inatoa shuka la maji kama feni iliyofunguliwa. Hii nyota 5 kwa dawa za magugu na kwa kila kazi ya eneo lililo wazi, na kama unanunua nozeli moja tu kwa bomba la mgongoni nunua hii. Matone yake sio madogo sana sio makubwa sana, inapaka sawasawa, na unapotembea unaona kabisa umepita wapi. Mimi natumia 110-02 ya njano. Kimahesabu feni ya digrii 110 ikiwa sentimita 50 juu ya mimea inafungua kama mita 1.4 ila kingo zake ni nyepesi kwahiyo mimi nahesabu mita 1 ndo upana wa kazi, na mstari unaofuata unapandia kidogo kwenye ule wa kwanza. Ile ya digrii 80 ukiishika kwenye kimo hichohicho inafungua sentimita 84 hivi tu, lazima uinue mkono, na ukiinua mkono upepo unachukua. Kwahiyo kwangu 110.

Kuna kitu kilinichanganya muda mrefu na nimeona kinachanganya wengi, feni bapa ziko za aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja kingo zake zinapungua, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kupandiana na jirani yake, ndo ya bumu ya trekta, ule mkono mrefu wenye nozeli nyingi, kila sentimita 50 nozeli moja na bumu iko sentimita 50 juu ya mimea. Ya pili inatoa sawa toka ukingo mpaka ukingo, mara nyingi ina herufi E kwenye namba, hiyo ni ya kupiga mkanda mmoja kwenye mstari wa mazao. Ukiweka za E kwenye bumu pale zinapopandiana dawa inakuwa mara mbili, shamba linatoka na milia, mstari mmoja umeungua mwingine hauna kitu, na mtu analaumu dawa. Angalia hiyo herufi jamani.

Nozeli ya koni tupu. Hii inazungusha maji ndani, ina kisahani chenye tundu na nyuma yake kuna kipande chenye mifereji ya kuyazungusha, yanatoka kama duara lenye uwazi katikati. Matone madogo madogo, yanaingia katikati ya majani yanageuka geuka, yanafika hata pembeni na chini ya jani. Kwa nyanya, pamba, maharage yaliyofunga, popote penye majani mazito na mdudu amejificha chini, inzi weupe, vidukari, utitiri, nyota 4. Na kwa dawa za ukungu za mguso, zile ambazo hazisafiri ndani ya mmea, zinakaa pale zilipoangukia tu, hapo unataka matone mengi madogo yafunike jani lote na koni ndo kazi yake. Ila hata koni haifanyi muujiza ukipiga toka juu tu, fimbo ishuke chini uelekeze nozeli juu, upige tumbo la jani. Nilikaa msimu mzima napiga inzi weupe toka juu, nasikia dawa haifanyi kazi, siku nilipoinama nikaanza kupiga toka chini ndo nikaona tofauti. Dawa ileile, nozeli ileile.

Nyota iliyobaki nimeikata kwa sababu ya upepo. Tone dogo halianguki, linaelea. Chini ya mikroni 100 (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita) hilo tone halina uzito wa kufika kwenye jani kama kuna upepo kidogo, linaenda linakotaka lenyewe, na kwenye joto kali linakauka hewani kabla halijafika. Na hapa nataka niseme kitu kwa uzito kabisa. Miaka ya nyuma nilipiga dawa ya magugu na nozeli ya koni, presha juu, kwa sababu ndo ilikuwa kwenye fimbo na sikuona sababu ya kubadilisha. Upepo ulikuwa mdogo tu, nilidhani ni mdogo. Siku chache baadaye maharage ya jirani mstari wa mpakani yakajikunja yakawa njano. Nilienda kumwambia mwenyewe kuwa ni mimi, tukakubaliana namna ya kulipa, lakini ile hali ya kusimama kwenye shamba la mtu ukaangalia chakula cha watoto wake kimeharibika kwa mkono wako inakaa moyoni. Toka siku hiyo dawa ya magugu na koni kwangu havikutani, na fimbo ya dawa ya magugu nimeitenga, bomba lake limetengwa, halibebi kitu kingine.

Ngoja nieleze hesabu ya matone maana ndo kiini cha haya yote. Chukua tone moja la mikroni 400. Ukilikata liwe matone ya mikroni 200 unapata 8, ukiyakata tena yawe ya mikroni 100 unapata 64. Dawa ni ileile, maji ni yaleyale, ila 64 yanafunika sehemu nyingi zaidi ya 1, na hapohapo hayo 64 ndo yanayoruka na upepo. Kwahiyo kila nozeli ni mapatano kati ya kufunika na kupeperuka, hamna nozeli inayokupa vyote viwili kikamilifu, na anayekuuzia akikwambia ipo, muulize matone yake yako daraja gani, madogo, ya kati, makubwa au makubwa sana. Kiwanda kinachojiheshimu kina jedwali lake, unaona presha hii matone daraja hili. Na baadhi ya lebo za dawa zinataja daraja la matone, isome, usikimbilie kipimo cha mililita peke yake.

Hapo ndo zinakuja nozeli za kuvuta hewa. Zina vitundu pembeni, maji yakipita kwa kasi ndani yanavuta hewa, matone yanatoka makubwa yenye mapovu ya hewa ndani. Hayaruki hovyo. Kwa dawa za magugu zinazofyonzwa na kusafiri ndani ya mmea, na kwa ukingo wa shamba karibu na jirani, mto, mizinga ya nyuki au nyumba, hii ni nyota 5 bila kufikiria, ILA kwenye bumu ya trekta au bomba la mota. Kwenye bomba la kupampu kwa mkono nimeipa nyota 2. Inataka presha, nyingi zinaanza kufanya kazi vizuri kuanzia bar 2 au 3, na mkono hauwezi kushikilia hiyo presha siku nzima, ikishuka feni inajikunja inatoa michirizi miwili pembeni katikati hamna kitu. Nilijaribu, nikachoka, nikaihamishia kwenye bomba la betri na huko imekaa sawa. Kingine, vile vitundu vya hewa vinaziba na vumbi na dawa iliyokauka, ukiona matone yamebadilika angalia vitundu kwanza. Na usiipeleke kwenye kitunguu au kabichi na dawa ya mguso ukategemea mazuri, jani lenye nta lililosimama tone kubwa linagonga linadunda linaanguka chini, hapo utahitaji matone madogo zaidi na dawa ya kunatisha kama lebo inaruhusu.

Nozeli ya kumwaga, ile maji yanagonga ukuta mdogo yanatawanyika mbele, presha ndogo kabisa inatosha, hata bar 1. Matone makubwa, upana mkubwa, haizibi hovyo. Kwa dawa ya magugu ya kupiga kwenye udongo kabla mazao hayajaota naipenda, nyota 4. Kasoro yake haigawi sawasawa, mara nyingi kingo zinapata zaidi kuliko katikati, kwahiyo kwa dawa inayotaka usahihi kwenye majani usiitegemee. Lakini kwa mtu anayepampu kwa mkono na hana haraka hii ndo inayochosha kidogo kabisa.

Koni iliyojaa sitaiongelea sana, nimeitumia kulowesha shina na udongo tu, inafanya kazi yake.

Sasa presha, na hapa ndo watu wengi tunakosea hata tukiwa na nozeli nzuri. Ukitaka maji yatoke mara mbili usiongeze presha mara mbili, haitoshi, lazima presha iwe mara 4. Presha ikiwa mara mbili maji yanaongezeka asilimia 41 tu na matone yanakuwa madogo, yaani umejiongezea kupeperusha dawa bila kupata maji ya maana. Ukitaka maji zaidi badilisha nozeli weka namba kubwa, au tembea polepole. Bomba la mkono presha inapanda inashuka kila unapovuta mkono, ndo maana kitu nilichonunua baadaye na nikajuta sikukinunua mwanzo ni kale ka valvu ka kudhibiti presha, kanakaa kati ya fimbo na nozeli. Cha kwangu ni cha bar 1.5. Presha ikiwa chini yake kinafunga kabisa, hata tone halidondoki, ikizidi kinaibana, nozeli inapata bar 1.5 ileile toka bomba likiwa limejaa mpaka linakaribia kuisha. Nyota 5, na kama mfuko wako unaruhusu kitu kimoja tu zaidi ya nozeli chukua hiki kabla ya kitu chochote.

Nikupe mfano kwa namba zangu. 110-02 kwenye bar 1.5 inatoa lita 0.57 hivi kwa dakika. Natembea mita 1 kwa sekunde, hiyo ni kilomita 3.6 kwa saa, upana mita 1. Hesabu ni 600 mara lita kwa dakika, gawanya kwa kasi ya kilomita kwa saa ikiwa imezidishwa na upana wa mita. Inakuja lita 95 kwa hekta, sawa na lita 38 kwa ekari, bomba la lita 16 mbili na nusu pungufu kidogo. Nikiweka 04 nyekundu mwendo uleule inakuwa lita 190 hivi kwa hekta. Kumbe kuchagua nozeli ni kuchagua pia utabeba maji mara ngapi toka kisimani, mgongo wako unajua hilo kuliko mimi. Lakini usiamini hesabu ya karatasi peke yake, vaa glovu, weka maji matupu, chupa yenye vipimo chini ya nozeli, dakika 1, andika.

Hicho kipimo cha chupa ndo kinakwambia pia nozeli imezeeka. Ikizidisha asilimia 10 ya kile inachotoa ikiwa mpya kwa presha ileile, badilisha. Yaani 02 ya lita 0.8 kwenye bar 3 ikifika lita 0.88 imekwisha hata kama kwa macho inapendeza. Za shaba ya njano ndo zinaliwa haraka kuliko zote, hasa na dawa za unga ambazo ni kama msasa, plastiki nzuri inadumu zaidi ya hiyo, na keramiki ndo inadumu kweli. Mimi koni zangu sasa ni za keramiki, ghali zaidi ila naona zinajilipa. Kwenye bumu kinga chupa kila nozeli moja moja, utashangaa moja inatoa nyingi nyingine kidogo kwenye bumu ileile, na usichanganye rangi mbili hata kama dukani zimeisha.

Nozeli ikiziba usiitie mdomoni kupuliza. Narudia, USIPULIZE KWA MDOMO, hiyo ni sumu imepita hapo sasa hivi. Wala usichokonoe na waya au sindano au mwiba, tundu likikwaruzwa kidogo tu feni inaharibika na hutaona kwa macho. Mswaki laini na maji, basi. Mimi natembea na nozeli ya akiba mfukoni kwenye kifuko safi, ikiziba shambani nabadilisha, ile chafu naisafisha baadaye kwa utulivu. Na chujio la nyuma ya nozeli usilitoe eti linapunguza kasi. 015 kushuka chini natumia la mesh 100 (mesh ni idadi ya matundu kwa inchi, namba kubwa ni matundu madogo), 02 kwenda juu mesh 50, na kwa dawa za unga mesh 50 maana la 100 linaziba kila dakika, kwahiyo kwa unga situmii nozeli ndogo kuliko 02.

Kujua kama nozeli inagawa sawa bila vifaa vyovyote, jaza maji matupu, tembea mwendo wako wa kawaida juu ya sakafu ya saruji kavu jua likiwaka, kisha simama uangalie inavyokauka. Ikikauka kwa milia, milia iliyochelewa ndo inayopata dawa nyingi. Kama unaweza kupata zile karatasi za njano zinazogeuka buluu zikiguswa na maji, zibane juu ya jani, chini ya jani na katikati ya mmea, piga maji, halafu zisome. Zishike na glovu kavu maana hata jasho la kidole linazigeuza. Karatasi za chini ya majani ya nyanya zangu zilibaki njano tupu siku ya kwanza, na ndo siku niliyoinama.

Kuhusu hali ya hewa, hata nozeli ya kuvuta hewa haikuokoi kwenye upepo mkali, na ule utulivu wa alfajiri ambapo hamna jani linatikisika na moshi wa jikoni unalala chini hauinuki, huo nao ni mbaya, matone madogo yanabaki yameelea kwenye hewa ya chini na kutembea mbali bila wewe kujua. Nasubiri upepo mdogo ambao nauhisi usoni na najua unaelekea wapi, na usielekee kwa mtu.

Kwa sasa kisanduku changu kina feni bapa 110-02 mbili, koni za keramiki mbili, ya kumwaga moja, ya kuvuta hewa ya 03 kwa bomba la betri, na valvu ya bar 1.5. Msimu huu nimeongeza feni pacha, ile inayotoa shuka mbili, moja inaelekea mbele moja nyuma, ili masuke ya ngano yapakwe dawa ya ukungu pande zote mbili. Nimeipiga mara mbili tu, karatasi zimegeuka buluu mbele na nyuma, lakini nyota zake nitazitoa nikishavuna.